Alinipa riwaya ya mapenzi niisome ndipo anijibu kuhusu ndoa. Nilishindwa kuimaliza

Wakuu, kwema?

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Miaka yote nasoma nyuzi zenu, nacheka, nasikitika, nazima simu. Leo nimeona na mimi niweke yangu. Nitakayoandika yote yalinitokea. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika ni watu wa heshima zao na mmoja wao ni mwalimu, huenda aliowafundisha wako humu.

Mods, sijui huu uzi unakaa jukwaa la mahusiano au la vitabu. Uwekeni mtakapoona.

Kwa kifupi mimi ni fundi wa pampu za maji. Visima virefu, pampu za sola, hizo ndizo kazi zangu. Kwetu ni Korogwe, Masuguru. Babu alitoka Kigoma enzi hizo kuja kukata mkonge, hakurudi tena, ndiyo tukawa watu wa hapo. Ukiniuliza kabila nakutajia, ila lugha yenyewe siijui. Kishambaa nasikia, Kizigua najibu salamu.

Handeni nililetwa na kazi. Kuna mzee ana duka la vifaa vya maji pale Chanika, hapa hapa Handeni, alihitaji fundi, nikaja nikasema nitakaa kidogo. Mpaka leo nipo.

Anayeijua Handeni anajua habari ya maji. Fundi wa pampu hakosi kazi. Unaitwa kijijini, unafika unakuta kina mama wamekaa na madumu, wanakuangalia kama wewe ndiye mwenye mvua. Maji yakitoka wanapiga vigelegele, wanakufungia kuku. Halafu unarudi mjini, unafungua mlango wa chumba chako, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba leo maji yametoka.

Hapo ndipo nataka mnielewe, maana bila hilo mtaona nilikuwa mjinga tu.

Umri wangu unaelekea arobaini. Niliwahi kuwa na mchumba Korogwe, ikavunjika, siyo habari ya leo. Baada ya hapo ikawa ni kusogeza siku. Ugali napikia sufuria ndogo mpaka mama muuza mkaa akanitania kwamba mimi nanunua mkaa wa watoto wa kuchezea. Redio naiacha inaongea hata kama sisikilizi. Ilifika mahali naongea na pampu. Nafungua mota huku nasema, "Haya mama, umekuwaje tena?" Siku moja mwenyekiti wa kijiji alinisikia, akauliza naongea na nani. Nikamwambia nipo kwenye simu.

Nyumbani Masuguru nako siku hizi siyo kule. Mama alishafariki. Nyumba anakaa dada yangu Mwajuma na mume wake na watoto. Dada ananipenda sana. Lakini nikifika anatandika kitambaa kipya mezani na kutoa vikombe vya wageni. Kwenye nyumba niliyokulia. Hajui kama inauma, na mimi sijawahi kumwambia.

Sasa twende.

Kuna shule moja ya msingi nje kidogo ya mji, pampu yao ilikufa. Niliitwa, nikakuta mota imeungua. Ile kazi siyo ya siku moja, ni kuvuta mabomba juu moja moja, kuagiza mota nyingine, kuisubiri, kurudisha mabomba chini. Kwa hiyo nikawa mtu wa pale pale shuleni.

Mwalimu wa zamu wiki ile nitamwita Saumu. Alikuwa anafika kisimani na chai na mihogo ya kuchemsha, anasimama kidogo, anauliza. Watu wote huuliza swali moja tu, maji yanatoka lini. Yeye aliuliza mota inaungua kwa sababu gani. Aliuliza maji yako mbali kiasi gani, na nitajuaje kama kisima kimekauka au pampu ndiyo mbovu. Nilimweleza yote. Nilijishangaa maana nilikuwa sijaongea kwa urefu ule kwa muda mrefu sana.

Siku maji yalipotoka watoto walimwagiana mpaka mwalimu mkuu akakasirika. Saumu alikinga kiganja, akanywa, akaniambia, "Ahsante fundi. Yana chumvi kidogo, lakini ni yetu."

Nikaondoka nikiwa na hilo neno, "ni yetu". Nilikuwa nalirudia kwenye pikipiki kama mwehu.

Alikuwa akiishi karibu na shule na mama yake mzazi, ambaye kila mtu pale anamwita Bibi, mtu mzima sana, macho hayaoni vizuri. Saumu ana binti mmoja, Zuhura, yuko sekondari ya bweni. Mume wake alimwacha talaka moja miaka mingi iliyopita akaenda kwenye migodi kanda ya ziwa. Eda ikaisha, akabaki hivyo, anafundisha na kumlea binti. Hayo alinieleza mwenyewe mapema kabisa, hakunificha.

Mara ya kwanza nilienda kwao kurekebisha koki iliyokuwa inavuja. Mara ya pili nilienda kuangalia kama koki bado iko sawa. Mara ya tatu sikuwa na sababu, Bibi akasema, "Fundi, kwani koki lazima iharibike ndipo uje? Njoo unywe chai."

Ikawa desturi. Jumamosi alasiri nakaa barazani, Bibi kwenye mkeka wake anachambua mbaazi kwa kupapasa, Saumu anasahihisha madaftari. Mlango wazi, watu wanapita wanasalimia. Hakuna jambo baya lililowahi kufanyika pale, naomba hilo lieleweke.

Nikifika naanza, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Huko ulikotoka maji yametoka?"

"Yametoka Bibi."

"Alhamdulillahi."

Wakuu, ile ndiyo ilikuwa furaha yangu ya wiki nzima. Kuulizwa na mtu kama maji yametoka.

Saumu alikuwa msomaji. Ana kabati la vioo, badala ya vyombo limejaa riwaya. Kila kitabu amekivisha karatasi ya kalenda ya zamani, kama tulivyofanya shuleni. Mimi mara ya mwisho kusoma kitabu ilikuwa kidato cha nne na nilisoma kwa sababu ya mtihani.

Baada ya miezi ya chai nikaona nisijizungushe. Jumamosi moja Bibi alikuwa ameingia ndani kuswali, nikamwambia Saumu, "Nataka nimtume dada yangu na mjomba waje wazungumze na wazee wako. Lakini siwezi kuwatuma kabla sijakusikia wewe. Unasemaje?"

Hakushtuka. Aliweka kalamu nyekundu chini, halafu akaingia ndani. Nikafikiri nimeharibu. Akatoka na kitabu.

"Kisome hiki kwanza," akasema. "Ukimaliza tutaongea."

"Kuna nini humu?"

"Kisome tu, fundi. Ukimaliza utanijua."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiingie vumbi, nikakiweka kifuani ndani ya jaketi. Nilipofika nyumbani nikanawa mikono kwanza ndipo nikakifungua.

Ilikuwa riwaya ya mapenzi, nene kiasi. Jina sitaji, msije mkaanza kulitafuta humu na kubishana. Nikakaa nayo nikiwa na moyo mweupe kabisa. Nilitaka kuipenda. Naomba mniamini hapo.

Ilinishinda mapema sana.

Mwanamke ndani ya kitabu anaitwa Nasra. Mwanaume ni Fadhili, mtoto wa tajiri. Fadhili anampenda Nasra, anampa mimba, anakimbilia Ulaya, haandiki, hapigi simu. Nasra analia. Kila ukurasa analia. Analia akifua, analia akipika, analia akichota maji. Na kila wanapoachana au kukumbukana, mvua inanyesha. Mimi niko Handeni, watu wanafanya dua ya mvua, mahindi yanajikunja shambani, halafu kuna mtu anaimwaga bure kila sura ili wapenzi waloane.

Na maneno. Fadhili hawezi kusema "njoo ule". Anasema habari za nyota na mwezi na moyo wake kuwa kasri. Nilijaribu kuwaza namwambia Saumu hivyo huku Bibi anachambua mbaazi. Nikacheka peke yangu chumbani, halafu nikanyamaza, maana ukicheka peke yako chumbani unasikia ukimya ukirudi.

Lakini nikaendelea. Mchana dukani wateja wakipungua nasoma kurasa mbili tatu nyuma ya kaunta. Bosi wangu akauliza kama ninajiandaa na mtihani. Nikamwambia ndiyo mzee, ni mtihani. Sikudanganya sana.

Kuna kitu nilikiona tangu mwanzo. Saumu alikuwa amepiga mistari kwa penseli. Mistari ya mkono wa mwalimu, imenyooka, imepigwa kwa rula. Nikawa sisomi kitabu tena, nasoma mistari. Nilisema nikijua anapenda nini nitamjua.

Jumamosi nikifika ananiuliza, "Umefika wapi?"

"Fadhili yuko uwanja wa ndege."

Uso wake unafunguka. Anaweka madaftari pembeni, anaanza kunieleza yale niliyoyasoma, na wakati mwingine anasema maneno ya Fadhili kwa kichwa bila kukosea. Nilikuwa simsikilizi Fadhili. Nilikuwa namtazama yeye, nawaza kwamba huyu mtu akifurahi anakuwa mdogo.

Hakuniuliza hata mara moja kama kitabu ni kizuri. Aliona ni jambo lililo wazi.

Ngoja ninywe maji, naendelea.

Katikati ya kitabu anaingia mtu mmoja anaitwa Athumani. Ni karani wa zahanati. Nasra amejifungua, mtoto anaumwa, hana kitu, hana mtu. Athumani anamsaidia. Anambebea mtoto. Anamtafutia chumba. Anamwezekea bati lililovuja. Mtoto akikua anamfundisha kuhesabu kwa visoda. Miaka inapita. Hamgusi Nasra, hamsumbui, anakuja, anakaa, anaondoka.

Wakuu, kwa mara ya kwanza nikaanza kusoma kweli. Nikasahau mvua na nyota. Nilikuwa nataka kujua Athumani anaishi na nani, anakula wapi, akitoka kwa Nasra anaenda kufanya nini. Mwandishi hasemi. Hana mama, hana kijiji, hana umri. Hakuna hata sehemu moja ambapo amekaa peke yake anawaza. Anatokea Nasra akiwa na shida, shida ikiisha anatoweka.

Halafu Fadhili anarudi na gari jeupe. Nasra anakimbia kumpokea, mvua inanyesha. Athumani yupo pale pale amemshika mtoto mkono. Mwandishi ameandika kwamba Athumani alitabasamu, akawatakia heri, akaondoka.

Basi. Hatajwi tena. Nilifunua kurasa kadhaa mbele nikimtafuta. Hayupo.

Ndipo nikarudi nyuma kuangalia penseli. Maneno ya Fadhili yote yamepigwa mstari. Kuja kwa gari jeupe kumepigwa mistari miwili. Kurasa za Athumani zote ni safi, hakuna alama hata moja. Ni kama hazijawahi kufunguliwa.

Nilikifunga kitabu. Ilikuwa mchana, jua kali, jirani anatwanga, redio inaongea. Nilikaa kitandani na viatu vyangu. Sikulia, siyo kwamba nataka kujionyesha mgumu, machozi hayakuja tu. Nilijihisi kama mtu aliyeingia kwenye picha ya pamoja akakuta amekatwa kichwa.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Korogwe kununua vifaa, nikalala kwa dada Masuguru. Asubuhi tukiwa tunamenya machungwa uani nikamweleza yote. Dada yangu ni mtu wa maneno machache na yote yana makali.

Akaniuliza, "Kwa hiyo umekasirikia kitabu?"

"Kitabu kibaya, dada. Hakina kichwa wala miguu."

"Sijakuuliza kama kibaya. Nimekuuliza umekasirikia kitabu au umemkasirikia mwalimu?"

Nikasema sijui.

"Yule mume wake yuko wapi sasa hivi?"

"Migodini."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Ila ni zamani."

Dada akaendelea kumenya chungwa. "Rudisha kitabu cha watu," akasema. "Halafu uliza. Mimi hapa niko tayari kuvaa baibui nije Handeni kukuposea, lakini siendi kuposa kwa mtu ambaye kaka yangu anaogopa kumuuliza swali."

Akaongeza bila kunitazama, "Na uwe unakuja nyumbani bwana. Watoto wanakuuliza."

Nilitaka kumwambia habari ya vikombe vya wageni. Sikusema.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta Saumu peke yake barazani, Bibi alikuwa kwa jirani kwenye hitma. Nikabaki nimesimama. Nikamkabidhi kitabu kikiwa kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Umemaliza?" Uso ule ule ukafunguka.

"Hapana. Nimeshindwa. Nimekiacha."

Aliuona uso wangu, akaacha kutabasamu. "Umekiacha wapi?"

"Pale Athumani alipoondoka."

Akakunja uso kidogo, anatafuta. "Athumani yupi?"

Wakuu, naomba mnielewe hapa. Kile kitabu amekisoma mara nyingi mpaka jalada limelegea. Anajua maneno ya Fadhili kwa kichwa. Na hakuwa akinitania, alikuwa anatafuta kweli kichwani.

Nikamjibu, "Yule aliyemlea mtoto."

"Aah," akasema. "Yule wa zahanati." Halafu nikaona kabisa ile sekunde alipoelewa nimesema nini. Alikaa chini kwenye ngazi.

Nikakaa na mimi, mbali kidogo.

"Baba Zuhura amerudi?" nikamuuliza.

Alikuwa anakunjua na kukunja ule mfuko wa nailoni.

"Amerudi tangu mfungo," akasema. "Yuko kwao Mkumbara, amefungua duka. Anapiga simu. Anataka turudiane, nikah mpya, kila kitu upya. Sijamjibu."

"Na mimi hukunijibu."

"Na wewe sikukujibu."

"Sasa kwa nini ulinipa kitabu, Saumu?"

Nilimwita jina. Siku zote nilikuwa namwita mwalimu.

Akasema, "Kwa sababu sikuweza kukwambia kwa mdomo wangu. Wewe unakuja hapa, unamsalimia mama yangu, unatengeneza vitu. Ningekwambiaje kwamba miaka yote hii nimemsubiri mtu aliyeniacha? Mtu mzima na akili zangu. Nilisema ukisoma utaona kwamba kuna wanawake wako hivyo, na mimi ni mmoja wao. Hutanicheka."

"Sikucheki."

"Najua. Ndiyo maana inakuwa ngumu."

Hapo akalia. Siyo kama Nasra. Alijifuta haraka na ncha ya mtandio kwa sababu kulikuwa na mama anapita na kuni, akamsalimia vizuri kabisa, "Habari za huko, mama Juma," kisha akarudi kulia.

Nilitafuta neno la kumwambia. Nilikuwa na mambo mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyekuacha na mtoto mchanga hawezi kuwa mwema kwa sababu tu amerudi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nipo, nina mikono miwili, sitakwenda popote. Yote hayo yangekuwa kweli. Lakini nilimtazama nikaona kwamba tayari anajua, na kwamba kujua hakumsaidii.

Nikasema, "Mjibu. Usimweke mtu njiani, si mimi wala yeye."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema, "Utakuja kumsalimia mama?"

"Nitakuja."

Nilienda mara moja tu. Bibi alinishika mkono akauweka kwenye mapaja yake, hakuuliza habari za maji. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikutaka wewe. Lakini anayeolewa si mimi." Sikurudi tena, nilishindwa. Nilianza kupita njia nyingine kwenda vijijini, ndefu na mbovu, mpaka bosi akauliza kwa nini mafuta ya pikipiki yanakwisha haraka.

Saumu alirudiana na mume wake. Nikah ilikuwa ndogo, ya nyumbani. Baadaye akapata uhamisho kwenda kule upande wa Mkumbara, akaenda na Bibi.

Mimi nikarudi kwenye sufuria yangu ndogo. Zile Jumamosi ndizo ziliniumiza kuliko kitu chochote. Siku za kazi unachoka, unalala. Jumamosi alasiri nilikuwa nanawa, navaa shati safi kwa mazoea, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Nakaa na shati langu. Kuna siku nilitoka nikazunguka sokoni bila kununua kitu, nasalimia watu nisiowajua ili tu wanijibu.

Mwaka ukapita hivyo. Halafu nikapata kazi ya kisima upande wa Same, na nikarudi kwa pikipiki kwa barabara ile ya Moshi. Mkumbara tairi la nyuma likatoboka. Naapa sikupanga. Nikaisukuma pikipiki hadi kwa fundi wa tairi, na kwenye duka la jirani aliyekuwa anapima sukari ndani ni Saumu.

Aliniona kabla sijajificha.

"Fundi," akaita. Siyo kwa sauti kubwa. "Karibu kivulini."

Akatoka mwanaume ndani. Nilijiandaa kumwona Fadhili. Wakuu, alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Kipara, shati la mikono mifupi limepauka, anakohoa kile kikohozi cha watu wa migodini, anashika mlango kwanza ndipo avute pumzi. Alinipa mkono.

"Wewe ndiye fundi wa Handeni," akasema. "Mama mkwe anakutaja kila siku. Anasema hakuna aliyewahi kumtengenezea koki isivuje tena."

Akanitolea kiti, akanipa soda, akasimama karibu yangu huku anasubiri nipoe. Tairi lilipokuwa linazibwa aliongea habari za biashara, bei ya mchele, barabara. Halafu Saumu alipoingia ndani kumwita Bibi, akainamisha kichwa akasema polepole, "Najua ulikuwa mtu mwema kwao wakati mimi sipo. Sina la kukulipa. Nilitaka tu nikwambie kwamba najua."

Sikutegemea. Nilikuja na hasira zangu za mwaka mzima, nikakosa pa kuziweka. Nikamwambia, "Yameisha bwana. Tibu hicho kikohozi."

Bibi akaletwa, nikampigia magoti. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ni fundi huyu?" Akanipapasa usoni. "Umekonda. Nani anakupikia?"

Saumu alikuwa anatazama barabarani.

Aliponisindikiza hadi kwenye pikipiki nilimtazama vizuri. Hakuwa na ile furaha ya kwenye kitabu, wala huzuni ya kwenye kitabu. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye unga kidogo kwenye mkono, mwenye mume mgonjwa na duka la kuangalia. Akasema, "Samahani, fundi. Kwamba sikumkumbuka yule mtu."

"Mwandishi ndiye hakumwandika vizuri," nikasema.

Akacheka kidogo. Mimi pia. Nikawasha pikipiki nikaondoka.

Njiani nilisimama kwenye mashamba ya mkonge karibu na Korogwe, nikazima pikipiki, nikakaa. Sikuwa nawaza kitu. Ila badala ya kupitiliza Handeni nikakata Masuguru kwa dada. Alipotandika kile kitambaa na kutoa vikombe vya wageni nikamwambia, "Dada, mimi nipe kikombe cha bati. Mimi siyo mgeni hapa." Akavirudisha kabatini, na kumbe yeye alikuwa anafanya vile kwa sababu alifikiri nimezoea mambo mazuri ya mjini. Tulikunywa chai uani kwenye vikombe vya bati, watoto wake wananipanda mgongoni.

Bado ninaishi Handeni, bado peke yangu. Sitawadanganya kwamba baadaye nilimpata mwingine. Sijampata.

Nilichojifunza ni hiki. Kwanza, kitabu kikikushinda kiache, usijione mjinga, na usijilazimishe kumaliza kitu kwa sababu anayekupa anakipenda. Pili, na hili ndilo kubwa, ukimpenda mtu muulize mapema kama nafasi ipo wazi. Mimi nilikunywa chai miezi mingi kwa sababu chai ilikuwa tamu na niliogopa swali. Saumu hakunifanyia ubaya. Alitafuta namna ya kuniambia ukweli, akaniambia kwa kitabu, na mimi nikausoma ukweli huo kwenye mistari yake ya penseli. Naona tulitendeana haki kadiri tulivyoweza.

Kuhusu mwisho wa riwaya, anayedhani ameijua naomba asiniandikie iliishaje. Sitaki.

Wenye kunicheka nichekeni, haina shida. Ila nina swali kwa wale mnaoishi peke yenu kwenye miji ya kazi, mbali na kwenu. Jumamosi alasiri, kazi imeisha, umeshaoga, umevaa shati safi, huwa mnakwenda wapi? Naomba majibu ya kweli, kila atakayeandika nitamsoma na kumjibu.